Kabla Ukuta Haujapanda

Kilibula, Uvira, 2 Juni 2024

Lakini mimi sitaki kuzoea, Firmin wangu! Umeniandikia kwamba siku zikipita nitazoea kulala peke yangu, kana kwamba unanitakia heri. Mimi nataka kila asubuhi nigeuke, niukute mto wako baridi, nikasirike. Mke wa mwezi mmoja akizoea, wa miaka kumi atakuwaje?

Shati lako la bluu sijalifua. Nimelitundika nyuma ya mlango na nikipita nalisalimia. Jana jirani alinikuta nikilisalimia, akacheka hadi akakaa chini. "Weye Charlotte, iko shati ama iko mwanaume?" Nikamjibu iko yote mawili. Masufuria ya harusi bado yanang'aa, napika visamaki vya ndagala vya mtu mmoja ndani ya sufuria la ukoo mzima, halafu nashiba kwa kuliangalia. Unaona mke uliyemwoa? Tangu wezi wakuibie simu pale Kadutu, huko Bukavu, nimefurahi kidogo, Mungu anisamehe, maana simu ingeniletea sauti yako tu, na barua inaniletea mkono wako.

Sasa nieleze masomo yako. Ulisema ile kozi iliyokuangusha mwaka jana, ya nafuu za kisheria, ndiyo utaifanyia mtihani tarehe 24. Nina diploma yangu ya sekondari, D6, usinione mtoto. Tuseme kuna mtu mmoja, simtaji, ameleta mawe na mchanga kwenye uwanja wa mtu mwingine, na mwenye uwanja hayupo. Sheria yenu inampa nini yule asiyekuwepo? Nauliza tu, ili usiku nikifikiri nifikiri unachofikiri wewe.

Nijibu haraka. Dereva Thierry anaondoka Bukavu na gari lake Jumatano, mpe barua mkononi.

Mkeo (napenda sana kuliandika hili neno),
Charlotte


Kilibula, 3 Juni 2024

Dada Laure,

Kwa Firmin nimeandika mashati na masufuria. Kwako wewe huko Lemera naandika kinachonifanya nizunguke nyumba kama kuku aliyepoteza kiota.

Ni baba yake mdogo. Jina lake siliandiki, wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba bamkwe hatajwi, hata kwenye karatasi. Tangu baba yake Firmin afariki, yeye ndiye anasimama pahali pa baba. Yeye ndiye alinipokea mlangoni siku ya harusi. Na mpaka leo hajanifungua mdomo ili niruhusiwe kumsemesha. Hajaleta zawadi, hajasema "ongea, mwanangu". Kwa hiyo nikimwona nainamisha kichwa na kupita pembeni, kama inavyotakiwa.

Nyumba yake kule Kilomoni imeingia maji tangu ziwa lipande. Namhurumia kweli. Lakini wiki iliyopita alikuja na gari la mawe, akafunga kamba kutoka mlangoni kwetu mpaka kwenye mparachichi, na kamba imepita karibu na dirisha langu la chumbani hivi kwamba nikinyoosha mkono naishika. Mafundi wanachimba msingi. Dada, uwanja ule ni wa baba yake Firmin, na Firmin ndiye mtoto wake wa pekee. Hakuna aliyeulizwa. Na mimi nimesimama mlangoni, nina diploma, nina ulimi, na sina ruhusa ya kusema neno.

Nikimwambia Firmin atapanda gari siku hiyohiyo na kuacha mitihani. Kozi ile akianguka mara ya pili, chuo hawamrudishi, na miaka yake yote imekwenda na maji. Nikinyamaza, atarudi akute ukuta. Nifanye nini?

Mdogo wako,
Charlotte


Bukavu, 5 Juni 2024

Charlotte wangu,

Barua yako niliisomea darasani, wenzangu wakaninyang'anya. Sasa naitwa Shati. Hata profesa amesikia, akaniuliza, "Bwana Shati, unaweza kutufafanulia?" Nimeshukuru Mungu kwamba ulikuwa mbali usione sura yangu.

Swali lako ni zuri kuliko lake. Sikiliza. Watu wanadhani sheria ni kujua nani ana haki. Kozi hii inaanza pale haki imeshajulikana. Inauliza: haya, mwenye haki anaondoka mahakamani na nini mkononi? Kwa mtu wako wa mawe na mchanga, nafuu ya kwanza ni kumsimamisha, na asimamishwe kabla ukuta haujapanda. Mwenye uwanja, au anayekaa pale kwa niaba yake, anaomba kazi isimame mpaka wasikilizwe. Aende kwa hakimu, na hata shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa, ni mwanzo. Akisubiri mpaka bati limepigwa, hakimu ataona vigumu kuvunja nyumba yenye watu ndani. Atasema basi, lipa fidia, mambo yaishe. Na fidia ya uwanja si uwanja, hutaanika nguo juu yake. Tena hakimu atamuuliza yule aliyekuwa pale akiona: wakati wanachimba, wewe ulikuwa wapi, mbona hukusema?

Na kama huyo mjengaji atalia kwamba ana shida, hiyo ni huruma, siyo hoja. Nimekariri vizuri, eeh?

Lakini mbona humtaji? Isiwe ni Bienvenu, yule fundi aliyekuwa anakubebea mfuko mkitoka shule. Kama anakuja nyumbani kwangu kukuhadithia shida za viwanja, mwambie mume wako yupo, anasoma tu.

Mume wako,
Firmin


Lemera, 6 Juni 2024

Charlotte,

Nimesoma barua yako mara mbili, maji ya ugali yakakauka jikoni. Usithubutu kumsemesha bamkwe kabla hajakufungua! Watasema wewe ulilelewa na mbuzi, na mama yetu hatatoka nje ya nyumba huku Lemera. Si wewe tu unayeolewa, na sisi tunaolewa pamoja nawe.

Lakini hakuna desturi inayosema bibi-arusi akae bubu milele. Bamkwe wangu naye alichelewa kunifungua. Nilimpelekea chakula kizuri, kila siku, mbele ya watu, mpaka majirani wakaanza kumuuliza huyu mtoto amekosa nini. Alikuja mbio na kuku wa kunifungua mdomo. Na unakumbuka, neno la kwanza la bibi-arusi mzee hawezi kulikataa. Mimi nilikuwa mjinga, nikaomba mwavuli.

Laure


Kilibula, 8 Juni 2024

Mume wangu mwenye wivu,

Nimeipenda ile sehemu ya Bienvenu kuliko sehemu zote! Nimeisoma nimesimama, nimekaa, nimelala. Kwa kweli Bienvenu anafanya kazi karibu hapa siku hizi, anachimba, na anaponiona anainamia koleo lake kama mtu anayetafuta sarafu mchangani. Nadhani anaona aibu. Si ya mapenzi, tulia.

Nieleze tena jambo moja. Kama yule anayejenga amepoteza nyumba yake, siyo kwa uzembe, na hakuna wa kumdai, bado profesa wako anasema ni huruma tu? Fikiria vizuri kabla hujajibu, siyo kwa kukariri.

Kesho Jumapili napika. Nimenunua samaki wakubwa wa mikeke pwani asubuhi hii, nimealika Mama Louise shefu wa avenyu, na wazee wawili wa kanisa, na wakubwa wa ukoo wako. Usiniulize kwa nini. Mke mwenye furaha anapenda wageni. Naandika huku naparua magamba, ndiyo maana mwandiko umelala upande.

Nakubusu kwenye paji la uso, pale unapokunja ukisoma.

Charlotte


Uvira, 10 Juni 2024

Kwa mwanangu Firmin, huko Bukavu,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Sisi tu wazima, mwili tu, moyo siyo.

Nakuandikia mimi mwenyewe kabla hujaandikiwa na wengine. Jana mkeo alitualika. Chakula kilikuwa kizuri, hilo silifichi. Tulipomaliza, Louise, shefu wa avenyu, akasema mbele ya watu wote: "Mzee Frédéric, mtoto anapika namna hii, na bado unamwacha bubu? Ama unangoja azae ndio amwulize mtoto ruhusa?" Watu wakacheka. Niliona haya. Nikamtuma mke wangu Sidonie kuleta kitenge, nikamfunika bibi-arusi mabegani, nikasema maneno ya wazee wetu: "Ongea, mwanangu, masikio yangu yako wazi."

Unajua inavyokuwa. Bibi-arusi anasema asante, anaomba kitu kidogo, watu wanapiga vigelegele. Nilikuwa tayari kwa sufuria. Nilikuwa tayari hata kwa mbuzi.

Mkeo alipiga magoti, akanishika mikono yote miwili, akasema: "Asante, baba. Neno langu la kwanza ni hili. Simamisha hii kazi ya mawe mpaka Firmin arudi." Nilidhani nimesikia vibaya. Akarudia neno kwa neno, na kuongeza kwamba Louise awe shahidi. Na Louise, vidole bado vinanuka samaki, akajibu: "Minye nimesikia. Kazi isimame." Wazee wa kanisa wakaangalia sahani zao.

Kwa hiyo imesimama. Sitavunja desturi kwa sababu ya mawe. Lakini nauliza, ni nani amemfundisha mtoto yule kuongea kama hakimu wa tribunali? Ni weye? Kama hunitaki kwenye uwanja wa kaka yangu, njoo uniambie usoni, usitume mwanamke aliyepiga magoti. Nakungoja mpaka mwezi uishe, baadaye mafundi wanarudi.

Nyumba yangu imejaa maji. Pale nilipokuwa nalala wanaogelea samaki. Nimshitaki nani, ziwa? Siku ya mazishi ya baba yako nilikubeba mgongoni toka makaburini mpaka nyumbani, ulikuwa umelala. Sikukuuliza mgongo ni wa nani.

Baba yako mdogo,
Frédéric


Bukavu, 13 Juni 2024

Charlotte,

Nimepata barua ya baba mdogo. Kumbe mtu wa mawe na mchanga ni yeye.

Nilikujibu kama mtu anayejibu mtihani. Niliandika "hiyo ni huruma, siyo hoja". Niliandika kuvunja nyumba. Nilikuwa namhukumu mzee aliyenilea, sikujua ni nani, na wewe ulijua. Ulinisoma kama kitabu, ukaniweka kando, ukaenda kufanya kazi na maneno yangu. Wenzangu wananiuliza kwa nini leo Shati hacheki.

Nimemwambia Thierry anishikie nafasi Jumamosi. Nakuja. Mtihani utanisubiri ukitaka, usipotaka basi.

Firmin


Kilibula, 14 Juni 2024

Firmin, usipande gari! Nakuandikia huyuhuyu Thierry akiwa ananingoja mlangoni, injini inanguruma, abiria wanapiga kelele "mama, tunachelewa", nami nawaambia wangoje, ninaokoa ndoa. Mmoja ameniazima kalamu, yangu imekauka.

Kwanza, sikuandika jina lake kwa sababu sikuruhusiwa kulitaja. Hilo unalijua. Sasa ninaruhusiwa: Frédéric, Frédéric, baba yetu Frédéric. Ungeuliza "ni nani" kwa akili badala ya kumtafuta Bienvenu, ungegundua. Nani mwingine mimi simtaji duniani?

Pili, ni kweli nilikuficha, na ningekuficha tena. Ningekuambia ni yeye, usingeniandikia kozi. Ungeniandikia mgongo na makaburi, kama alivyokuandikia yeye, ungesema mwache mzee ajenge, halafu ungelia kimyakimya kila ukifungua dirisha. Nilitaka kujua haki yako ni ipi kabla upendo haujaifunika. Je, ni kosa? Nambie. Mimi ninaogopa kuliko wewe. Barua yako haina "mume wako" mwishoni. Nimeigeuza, nimetazama hata nyuma.

Tatu, jana nimekwenda Kilomoni kwa miguu. Nimeiona nyumba yao. Maji yamefika dirishani, na ukutani kuna mstari wa kijani juu yake zaidi. Mama Sidonie anapika kwenye baraza ya watu, watoto wanalala kanisani juu ya mabenchi. Akaniona nimevaa kile kitenge, akakishika pindo. Akasema, "Hiki ndicho nilitoa kwanza maji yalipoingia. Nilikiweka kichwani." Nilitaka kukivua palepale. Alinikataza, akasema cha bibi-arusi hakirudishwi. Firmin, nimerudi nyumbani na ushindi wangu, nikakaa nao, hauna ladha kabisa.

Kwa hiyo usije kugombana, na usije kuomba msamaha. Kaa usome. Ila nijibu swali, hili sasa siyo la kujifanya: kozi yako inajua kusimamisha, inajua kurudisha, inajua kufidia. Je, inajua kumpa mtu pahali pa kulala bila kumpa uwanja?

Thierry amepiga honi.

Mkeo, utake usitake,
Charlotte


Bukavu, 17 Juni 2024

Charlotte,

Sikupanda. Nilikuwa na begi mkononi pale stesheni Thierry aliponipa barua yako, akasema, "Kaka, soma kwanza, mkeo amenichelewesha safari nzima kwa hii." Nimeisoma nimekalia begi. Abiria aliyekuazima kalamu alikuwepo, ananiangalia kama anangoja hukumu.

Bado nina hasira. Sijui ni kwako au kwa yale niliyoandika kwa raha namna ile.

Nimemuuliza profesa, bila majina. Amesema hakimu hawezi kuwapa watu ambacho hawakuomba. Anakata anachoweza kukata. Lakini watu wawili wakikaa, wanaweza kupeana kitu ambacho hakuna hakimu angefikiria, mradi kiwe wazi na kiwe na shahidi. Mimi naongeza hili, na nalisema kama mwanasheria: tofali na mawe ni hatari. Mtu akijenga kwa tofali anajenga na madai. Mbao ni nyumba ya kungojea. Iwe mbao, isikate uwanja, na isemwe mbele ya Mama Louise kwamba uwanja unabaki wa baba yangu. Na bado ninaogopa. Nimeona nyumba za kungojea zinazeeka na wenye nazo wanazeeka ndani yake, na wajukuu wanasema hapa ni kwetu.

Mwambie baba mdogo nimesema aje akae. Mwambie mgongo ninaukumbuka.

Firmin


Kilibula, 20 Juni 2024

Firmin wangu,

Wamekuja. Nakuandikia nimekaa juu ya kitanda chetu kwa sababu viti vyote vina watu.

Mimi mwenyewe nilimpelekea baba Frédéric maneno yako, nimesimama, nikimwangalia usoni, mara ya kwanza. Nilipofika kwenye mgongo alijifanya anatafuta kitu mfukoni. Halafu akasema, "Mbao? Minye mzee mzima, nilale ndani ya sanduku kama ndizi za soko?" Nikamwambia, "Baba, sanduku kavu." Mama Sidonie akacheka kwanza, na yeye akicheka mumewe hana nguvu. Mama Louise alikuja jioni. Kila mmoja alisema kwa kinywa chake: uwanja ni wa Firmin, mbao zitakaa upande wa choo, mbali na dirisha, ziwa likirudi chini na wao wanarudi Kilomoni. Kamba imetolewa. Bienvenu aliifukia mitaro mwenyewe, jasho linamtoka, na alipomaliza akaniambia taratibu, "Nisalimie mwanasheria, mwambie kuchimba ni kazi, siyo kesi." Nimekusalimia.

Usidhani sasa ni mbinguni. Baba Frédéric hajanisamehe. Ananiita Metre, kama wanavyoitwa mawakili. "Metre, maji ya kunawa yako wapi? Metre, mchicha una chumvi, unakata rufaa?" Watoto wameshaiga, asubuhi yote ni Metre, Metre. Leo alikaa karibu na mparachichi akapima kwa macho kutoka pale mpaka ukutani, akijua namwona. Nilisimama mlangoni mpaka akaacha. Labda unaogopa vizuri. Labda nimeingiza ndani kile nilichokizuia nje, na tutakuja kukisomea kozi nyingine. Sijui, Firmin. Nilipowasikia watoto wanakoroma usiku, wakavu, nilifikiri nimefanya sawa, halafu nikafikiri sijafanya, halafu kukakucha.

Lakini hayo siyo yanayonikosesha raha zaidi. Barua yako imeishia tena na "Firmin" peke yake, kama ya mtu anayeandikia ofisi. Umesema una hasira na hujui ni ya nani. Mimi siwezi kungoja Thierry aniletee jibu la hilo kwenye bahasha. Jibu kama hilo nataka nilione likitembea usoni mwako.

Kwa hiyo fanya mtihani wako tarehe 24, ujibu vizuri, na usiandike chochote kuhusu huruma. Mimi nimeshamwambia mama Sidonie atanishikia nyumba. Nimemwambia baba Frédéric pia, na yeye akasema, "Metre anamfuata mteja." Sihitaji karamu, sihitaji unipokee stesheni na shati safi. Nitapanda milima ya Ngomo na gari la Thierry, nimekaa mbele, nimeshika mikeke iliyokaushwa, na kabla mwezi huu haujaisha nitabisha mlangoni kwako. Ukiwa bado na hasira, fungua tu. Tutaingia nayo ndani, tutakaa nayo watatu, mpaka mmoja wetu aondoke, na siyo mimi wala wewe.

Mkeo,
Charlotte